Jiniasi Hafuti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifutio alifagia karakana ya mama yake. Aliyakusanya maranda ndani ya gunia, akapanga vipande vya mbao kwa urefu, kisha akasimama mlangoni kukung'uta vumbi kwenye sare. Vumbi la mbao halikubali kutoka lote. Siku zote alifika shuleni akinuka gundi na vanishi.

Kifutio halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa vifutio vyake viliisha upesi kuliko sabuni ya kufulia. Akipewa hesabu, aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Kifutio, leo umetoboa ngapi?" walimtania.

"Mbili," alijibu. "Na zote nimepata. Wewe kitabu chako kizima, na umekosa zote."

Hakuwa mtoto wa kumezea maneno.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yake alikuwa fundi seremala, na mteja mgeni akiingia karakanani na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Mama hujibu bila kuinua uso, "Ndiye unayemuuliza." Kazi alifundishwa na baba yake mzazi. Asubuhi, kabla hajashika msumeno, alisimama kidogo akiwa amefumba macho. "Mungu wangu, nilindie vidole, niongozee jicho." Akishasema hivyo, kazi ilianza, na mtu asiyekuwa na la maana alipewa msasa apige mbao.

Mwaka ule, Kifutio akiwa darasa la sita, shule ilipata Mwalimu mpya wa Hesabu. Alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka, viatu vinang'aa hadi unaweza kujitazama. Alipenda somo lake na alilijua vizuri. Ila alikuja na neno moja ambalo alilitumia kama chumvi, kila mahali: jiniasi.

Siku ya kwanza aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa. "Jiniasi," alisema, "ni mtu ambaye akili yake haihangaiki. Wewe unapapasa gizani, yeye amekwisha kuona. Kwa hiyo jiniasi hafuti."

Kifutio akanyoosha mkono. "Mwalimu, na akikosea?"

"Jiniasi hakosei."

"Basi huyo si mtu, Mwalimu. Mama yangu anasema asiyekosea ni Mungu peke yake."

Darasa likaangua kicheko. Kifutio akaambiwa atoke nje akasimame, akatoka, akasimama wima kama nguzo ya umeme mpaka kengele ikalia.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Kitabu kilichofutwafutwa kilipunguziwa alama mbili. Kitabu safi kilichorwa nyota. Mvulana mmoja, mtoto wa nesi, alipata nyota kila wiki, kwani kitabu chake kilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mwalimu akambatiza Jiniasi, akamkalisha peke yake mbele karibu na dirisha. "Msimsogelee," aliwaambia wengine. "Anafikiri."

Kifutio alipoanza kulisikiliza neno lile, akaligundua mtaani kote. Mtangazaji wa mpira redioni alipiga kelele kwamba mshambuliaji ni jiniasi, na dakika tano baadaye mshambuliaji yuleyule akakosa penalti. Mke wa jirani alisema mwanawe mchanga ni jiniasi kwa sababu amesema "baba" kabla ya kuota meno. Hata kinyozi wa njia panda alikuwa ameandika juu ya mlango wake, KINYOZI JINIASI.

"Shikamoo, kaka," Kifutio alimwamkia. "Nani alikupa hilo jina?"

"Marahaba. Nimejipa mwenyewe," kinyozi akajibu, huku akimnyoa mzee mmoja. "Rangi ilikuwa imebaki, nikaona nisiitupe."

"Na ulizaliwa unajua kunyoa?"

"Nani? Mimi?" Kinyozi akacheka mpaka mashine ikabidi aizime. "Muulize huyu mzee. Kichwa chake ndicho nilichojifunzia."

"Alinikata sikio," mzee akasema chini ya shuka. "Mara mbili. Jiniasi!"

Wote watatu wakacheka. Lakini Kifutio alipofika shuleni kicheko kiliisha, maana kulikuwa na jambo alilolitaka kuliko kitu chochote.

Tangazo lilikuwa limebandikwa nje ya ofisi. Shule zote zingepeleka mwanafunzi mmoja mmoja kwenye mashindano ya hesabu. Watano wa kwanza wangefundishwa kila Jumamosi, mwaka mzima, katika chuo cha ufundi. Wangefundishwa kuchora ramani za majengo. Kifutio alilisoma tangazo lile mara nne. Alikwisha kuona ramani moja karakanani, mteja alipoileta ili mama apime milango. Nyumba nzima ilikuwa imelala juu ya karatasi, vyumba, ngazi, hata upande mlango unakofungukia. Usiku ule aliomba Mungu ampe nafasi ya kujifunza kuchora vile.

Mwalimu wa Hesabu alisema atachagua kwa mtihani, na sheria ya kufuta ingebaki palepale.

Hapo ndipo Kifutio alipofanya jambo ambalo si tabia yake. Aliamua kujificha. Karakanani vilikuwapo vipande vya msasa vilivyochakaa, vimekwisha makali, lakini mgongo wake ni karatasi ngumu inayokubali penseli. Alichukua kipande kimoja kisicho na maandishi yoyote, akakitia mfukoni. Mtihani ulipoanza, akakiweka mapajani chini ya dawati. Huko chini akafanya fujo zake zote, kisha juu akanakili kwa mwandiko safi.

Swali la mwisho lilikuwa hili: ubao wa sentimita 360 umekatwa vipande vitatu. Cha pili ni mara mbili ya cha kwanza. Cha tatu kimezidi cha pili kwa sentimita kumi. Kila kipande kina urefu gani?

Kifutio akajaribu 60 kwa kipande cha kwanza. Akajumlisha vyote, akapata 310, pungufu ya hamsini. Akakata. Akajaribu 80, akapata 410, imezidi hamsini. Akakata. Akatabasamu. Kama ile imepungua hamsini na hii imezidi hamsini, basi jibu limekaa katikati. Akaandika 70, 140, 150. Jumla 360 kamili.

Alipoinuka kwenda kukabidhi karatasi yake, msasa ukateleza ukaanguka sakafuni.

Mwalimu akauokota. Akaugeuza. Akaiona 70, 140, 150. Uso ukambadilika.

"Umeingia na jibu," alisema polepole.

"Hapana, Mwalimu. Nimeliandika humu humu."

"Kwa nini basi ulikuwa umelificha? Jiniasi mwenyewe amekabidhi karatasi swali hili likiwa tupu. Wewe, Kifutio, umelipata wapi?" Akaligeukia darasa. "Mnaona? Huyu ameiba. Kesho uje na mzazi. Utaandika barua kwamba umedanganya, uombe msamaha, yaishe. Usipoandika, jina lako nalifuta kwenye orodha ya mashindano."

Nyuma kabisa mtu akanong'ona, "Leo Kifutio kafutwa." Hakuna aliyecheka sana.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu, hakuacha hata kidogo. Mama alikuwa anapaka gundi kwenye maungio ya kiti. Alimaliza kwanza, akaukaza mguu wa kiti kwa kamba, ndipo akauliza.

"Uliiba?"

"Sikuiba, Mama."

"Uliificha karatasi?"

Kifutio akatazama maranda miguuni pake. "Niliificha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikifuta kitabuni napunguziwa alama. Jiniasi hafuti."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

Mama akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sikiliza, mwanangu. La kuficha ni kosa, na hilo utaliomba radhi kesho kwa mdomo wako. La kuiba hukulifanya. Hilo hutaliandika, hata kama kalamu ni ya dhahabu. Ukitia sahihi uongo ili upate amani, hiyo amani itakuuma kila siku. Umenielewa?"

"Na wakilifuta jina langu?"

"Watakuwa wamelifuta wao. Hutakuwa umelifuta wewe."

Kifutio aliwahi kulala mapema siku ile, ila usingizi ulichelewa kuja.

Kesho yake wakaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, sauti yake ndogo lakini shule nzima iliisikia. Mbele yake palikuwa na meza kubwa ya mninga, na juu ya meza karatasi nyeupe na kalamu. Mwalimu wa Hesabu alisimama kando, msasa mkononi.

"Kaa, uandike," Mwalimu wa Hesabu alimwambia Kifutio.

Kifutio hakukaa. Alijua akikaa ataandika.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Shikamoo, Mwalimu. Naomba radhi kwa kuficha karatasi. Nilikosea, na sitarudia. Lakini barua ya kuiba sitaiandika."

"Wewe mtoto!" Mwalimu wa Hesabu akafoka.

"Mwache amalize," Mwalimu Mkuu akasema.

"Mwalimu, tazama huo msasa. Mwanzo nimeandika sitini, nimekata. Tena themanini, nimekata. Ndipo sabini. Mtu aliyeingia na jibu angebeba jibu tu. Mwizi gani anaiba na makosa pamoja?"

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono, akapewa msasa. Akausoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata tarakimu. "Sitini ilipungua, themanini ikazidi," alijisemea. "Ikawa katikati." Akainua macho. "Mwalimu, hii siyo karatasi ya wizi. Huyu mtoto alikuwa anafikiri."

Mwalimu wa Hesabu akalegeza tai yake. "Sawa. Labda hakuiba. Hilo nakubali. Lakini huku ni kupapasa! Tunapeleka mtu mmoja kuwakilisha shule nzima. Tunataka kipaji, tunataka jiniasi, siyo mtu wa kubahatisha mpaka aangukie jibu."

Mama alikuwa amekaa kando, mikono juu ya mapaja. Sasa akauliza kwa upole, "Mwalimu, hii meza unaionaje?"

Mwalimu akashangaa. "Meza? Meza ni nzuri sana. Haitikisiki. Tangu nije hapa naisifia. Aliyeitengeneza ni... ni jiniasi, kusema kweli."

Mwalimu Mkuu akakohoa, akaficha tabasamu. "Aliyeitengeneza uko naye humu ndani."

"Basi mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mama akasema. "Inama, Mwalimu. Tazama chini yake."

Mwalimu alitazama suruali yake iliyopigwa pasi. Akatazama nyuso za wanawake wale wawili. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza.

"Unaona nini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Tarakimu," sauti ikatoka chini. "Penseli. Sabini na mbili, imekatwa. Sabini na tano, imekatwa. Sabini na nne. Hapa kuna mstari mzima umekatwa. Na hapa tena."

"Mguu wa kulia niliukata mfupi," Mama akaeleza. "Nikautupa. Wa pili ukawa mrefu. Saraka nayo niliikosea kipimo, ikagoma kuingia, nikailia machozi, maana ulikuwa ubao wangu wa mwisho. Marehemu baba alinikataza kupiga randa upande wa chini. Alisema juu ni kwa mteja, chini ni kwa fundi. Siku meza ikirudi imevunjika, nitasoma mwenyewe nilikopita na nilikopotea."

Mwalimu wa Hesabu akatoka mvunguni. Vumbi lilikuwa limemkaa magotini, wala hakulifuta.

"Mimi nilichapwa kwa kufuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, kama ya mtoto. "Mwalimu wangu alituambia mkono unaofuta ni mkono wa mjinga. Nikaamini."

"Wengi tuliambiwa mengi," Mwalimu Mkuu akajibu. "Lakini tukiwa wakubwa tunaruhusiwa kuchambua." Akaichukua karatasi nyeupe, akaikunja, akaitia ndani ya saraka. "Jina la mtoto litabaki. Amepata alama za juu kuliko wote. Ila wewe ulimwita mwizi mbele ya darasa, Mwalimu. Haitoshi kumsafisha hapa ofisini."

"Naelewa," Mwalimu akasema.

Wakaenda darasani. Mwalimu wa Hesabu akasimama mbele ya wanafunzi, magoti bado yana vumbi, akasema waziwazi kwamba amekosea, kwamba Kifutio hakuiba, na kwamba anamwomba radhi. Mwalimu kumwomba mwanafunzi radhi!

Ndipo mtoto wa nesi, yule Jiniasi, akainuka kutoka kiti chake cha peke yake. Aliinama, akakunja mguu wa kaptura, akakunja tena mpaka paja likaonekana. Paja lote lilikuwa limejaa tarakimu za kalamu ya wino, nyingine zimekatwa, nyingine zimechakaa kama ramani ya zamani.

"Mwalimu, na mimi nafuta," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nafutia kwa mate. Jana kwenye swali la mwisho nilitoka jasho, hesabu yake yote ikafutika. Nimechoka, Mwalimu. Nimechoka kuitwa hivyo. Tangu Januari sijauliza swali hata moja, kwa sababu mtaniambia, ah, kumbe huyu hajui."

Msichana mmoja akafungua kiganja chake, kina hesabu. Mwingine akakunja mkono wa shati. Mmoja akavua kiatu, akaonyesha soli ya ndani, na darasa likalia kwa kicheko mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia mlangoni. Karibu darasa zima lilikuwa limejiandika mwilini.

Mwalimu wa Hesabu aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaenda ubaoni, akaandika swali jipya, akaanza kulitatua mbele yao. Katikati akakosea. Akasimama. Mkono ulielekea kwenye dasta, ukarudi. Akapiga mstari juu ya kosa, akaliacha pale pale watu walione, akaendelea chini yake.

"Kuanzia leo," alisema, "kitabu kisicho na jaribio hata moja ndicho kitakachoniletea wasiwasi."

Mtoto wa nesi akahamia dawati la tatu, katikati ya wenzake. Siku ile aliuliza maswali saba.

Mashindano yalifanyika wiki mbili baadaye. Kifutio alikwenda na sare iliyokuwa na vumbi la mbao kama kawaida. Msimamizi alipogawa karatasi, yeye aliomba moja zaidi ya kujaribia, akaomba tena, na ya tatu. Binti wa shule nyingine akamtazama kwa dharau. "Kwani hujui?"

"Sijui bado," Kifutio akamjibu. "Wewe endelea tu."

Akawa wa pili. Swali moja lilimshinda, la pembe za mstatili uliokatwa kona. Lakini wa pili yumo ndani ya watano, na Jumamosi iliyofuata kiti chake kingekuwa kinamsubiri chuoni.

Aliporudi mtaani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mke wa jirani alimpokea mlangoni mwa karakana kwa vigelegele. "Jiniasi wetu huyo! Jamani, jiniasi!" Kisha akaona cheti. "Wa pili? Ulikosa wapi tena? Mbona jiniasi hakosei!"

Mama akaweka randa chini.

"Kama hakosei, basi binti yangu si jiniasi, jirani, wala simtaki awe," alisema. "Neno hilo mkimpa mtoto kabla ya kazi, ataogopa kuuliza. Mkimpa baada ya kazi, mnasahau alivyohangaika, mnasema alizaliwa hivyo. Kipaji ni cha Mungu. Humpa amtakaye, nami simpangii. Lakini kutafuta, kukosea na kurudia, hayo ametuachia sisi, na hakuna aliyezaliwa nayo. Kama mnalipenda sana neno lenu, basi mpeni mtu asiyeona haya kuanza upya."

Jirani akakisoma cheti tena, safari hii polepole.

Mama akamgeukia Kifutio. "Swali lililokushinda ni lipi?"

Kifutio akalieleza. Mama akatikisa kichwa. Hata yeye hakulijua.

"Basi kaa tulitafute."

"Niandikie wapi, Mama?"

Mama akauvuta ubao mpana, akauegemeza nje ya mlango, upande wa barabara, ambako kila mpita njia angeuona. Akampa penseli.

"Hapa," akasema. "Uanze na makosa."